Masharubu ya Kapteni

Jumapili ile mume wangu alivaa shati jeupe la mikono mirefu, lile analoliweka kwa ajili ya harusi na mazishi. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, huku akitafuta tundu la kifungo kwa vidole, kwamba mtu akienda kuaga ni vizuri aage akiwa nadhifu.

Nilijua anaaga nini. Alikuwa anaaga mchezo wetu.

Sisi ni wazee wachache tunaopenda sinema za vita za zamani. Kila Jumapili alasiri tunakutana kwenye karakana ya Fundi, anayetengeneza redio na televisheni. Siku hiyo hapokei wateja. Anasogeza ukutani zile televisheni zilizo wazi matumbo, anafagia vipande vya waya, anapanga viti, kisha anaigeuza televisheni yake kubwa ituelekee. Mmoja wetu analeta kipande cha sinema, kifupi tu, kisicho na majina ya mwanzo wala ya mwisho. Kinaonyeshwa bila sauti, na wengine wanabahatisha jina la sinema. Wa kwanza kupatia anavishwa helmeti ya kijani na kwenda nayo nyumbani mpaka Jumapili inayofuata. Zawadi nyingine hakuna. Lakini nimeona watu wazima wenye wajukuu wakinuniana wiki nzima kwa ajili ya helmeti hiyo.

Imekaa sana kwetu, juu ya kabati. Mume wangu ndiye aliyekuwa mwendesha mashine katika jumba la sinema la mji huu, tangu ujana wake hadi jengo lilipogeuzwa ghala la magodoro. Walimwita Mzee Taa hata kabla hajawa mzee, kwa sababu taa ya ile mashine ilikuwa mikononi mwake. Mimi nilikuwa chini, dirishani, nauza tiketi, na mpaka leo naitwa Mama Tiketi. Watu wengine walitazama sinema mara moja wakaenda zao. Yeye aliitazama mchana na jioni, wiki nzima, kupitia kitundu cha ukutani. Ungemwonyesha kiatu tu cha askari, angekutajia sinema.

Kisha presha ya macho ikaanza kumla. Ilianzia pembeni kama panya anavyoanzia pembe ya mkate, ikasogea katikati. Daktari akasema kilichopotea hakirudi. Siku hizi anaona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu, basi.

Wenzetu hawakusema kitu. Ila Jumapili moja Fundi alitangaza kwamba kitufe cha kuzima sauti kimeharibika, kwa hiyo tutacheza na sauti zake mpaka apate kifaa. Miezi ikapita. Huyu ni mtu anayefufua redio zilizotumbukia kisimani, na bado akawa ameshindwa na kitufe. Kinyozi, ambaye hakuna jambo asilolitolea maneno, hakulitolea hilo hata neno moja. Mwalimu naye, aliyefundisha jiografia maisha yake yote na ndiye mlinzi wa sheria zetu, akaisahau ghafla sheria ya kuzima sauti. Niliwaona wote watatu, nikawaweka moyoni.

Tatizo ni kwamba mume wangu naye aliwaona, kwa njia yake. Na sauti haikumsaidia sana. Siku za kazi mashine ilikuwa ikimngurumia sikioni, kwa hiyo sinema zake zote alizijua kwa macho. Alianza kukosa, Jumapili baada ya Jumapili. Siku aliyopatia, tulipokuwa njiani kurudi na helmeti, aliniambia kwamba alimsikia Kinyozi akivuta pumzi ili ajibu, kisha akaiachia taratibu ili yeye atangulie.

"Wananibeba, mama," alisema. "Miaka yote nimewapandishia sinema ngazini kwa bega hili. Sitaki kumalizia kwa kubebwa."

Nikamwambia kubebwa na wanaokupenda si aibu. Akanyamaza. Namjua, akinyamaza vile ameshaamua.

Siku aliyoichagua ilikuwa siku ya wageni. Ng'ambo ya mto kuna mji ambao nao una kikundi cha wapenzi wa sinema za vita, na Mwalimu alikuwa amewaalika tushindane. Mume wangu alipanga kucheza mara ya mwisho, kuirudisha helmeti mbele ya watu, kushukuru, kisha kubaki nyumbani na redio yake. Mimi nilijua maana ya kubaki nyumbani na redio. Nimeona wazee wakikaa na redio, na baada ya muda haizungumzi tena na mtu, inazungumza na ukuta. Lakini sikubishana naye. Niliitia helmeti kwenye mfuko, nikamshika mkono, tukaenda.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja ni mama mnene mwenye miwani, nesi mstaafu, wanayemwita Sista. Mwingine ni dereva wa lori, mrefu kama mlingoti, mpole, ambaye kila sentensi yake inaanza na samahani. Sista alisimama mlangoni, akatukagua mmoja mmoja, akasema amesikia mji huu una mabingwa, lakini mbona viti vimepangwa kama vya wagonjwa wanaosubiri dawa. Kinyozi akamjibu kwamba ndiyo, vimepangwa hivyo makusudi, maana leo kuna watu watatoka hapa wameumia. Sista akacheka, akavua viatu, akakaa kama aliye kwake. Nikampenda papo hapo.

Mchezo ukaanza. Tuliwawekea kipande cha farasi anayegeuka njia panda, Sista akataja jina farasi hajamaliza kugeuka. Wakatuwekea cha askari anayeshona kifungo, Mwalimu akapatia. Tukaenda hivyo, huku tukinywa chai ya Fundi ambayo siku zote inanukia kidogo risasi ya kuchomelea. Kila kipande kilipoanza nilimwona mume wangu akiinamisha kichwa kusikiliza, na kila kilipokwisha alikuwa hajasema neno. Hakuna aliyevuta pumzi na kuiachia siku ile. Mbele ya wageni wote walitaka kushinda, na nadhani hilo lilimfariji kidogo.

Tulifika kipande cha mwisho tukiwa sawa kwa sawa, tukakubaliana kwamba tukikikosa, helmeti inavuka mto. Ilikuwa zamu ya Sista kuleta. Akamkabidhi Fundi flashi yake, akakunja mikono.

Televisheni ikajaa moshi. Mizinga ilisikika mbali. Ndani ya moshi mtu akakohoa, kisha wakaanza kutokea askari, mmoja nyuma ya mwingine, nyuso zimetapakaa tope. Mbele yao kapteni wao amembeba mwenzake mgongoni. Halafu ikasikika tarumbeta moja, ya kusitasita mwanzoni, kisha ikanyooka.

Mwalimu, Kinyozi na Fundi walijibu kwa pamoja, kama watoto wa darasa moja. "Kikosi cha Bondeni." Kinyozi hata alisimama.

Hapa lazima nieleze. Kikosi cha Bondeni ndiyo sinema ya mji wetu. Hakuna mtu wa umri wetu asiyeijua. Askari wamezingirwa bondeni, wanaingia kwenye moshi mzito kama watu wanaokwenda kufa, na kila aliyeiona anakwambia jinsi roho yake ilivyorudi walipotokea upande wa pili. Jambo moja tu lilibaki fumbo. Kapteni anaingia moshini akiwa na masharubu mazito, anatoka hana hata unywele. Mji mzima ulilibishania hilo, vibarazani, kisimani, hata msibani. Mwalimu alishikilia kwamba kati ya kuingia na kutoka zilipita siku nyingi ambazo hazikuonyeshwa. Kinyozi alisema kapteni alinyoa kwa kuwaomboleza wenzake, na aliliamini jambo hilo kiasi kwamba alipofungua kibanda chake alimwambia mchoraji amchoree kapteni ubaoni mara mbili, kushoto na masharubu, kulia bila. Ubao huo upo mpaka leo. Kila mteja mpya anasimuliwa.

Sista alitikisa kichwa polepole, kwa raha kabisa. Akasema hapana. Sinema ile ni Waliobaki Ng'ambo.

Kinyozi akamwambia pengine aliitazama akiwa ametoka zamu ya usiku, akasinzia. Sista akasema Kikosi cha Bondeni ameiona kwa macho makavu na kuimaliza kwa macho yaliyolowa, maana wanakufa wote bondeni mle, hatoki hata mmoja. Mwalimu akasema yeye ameiona mara nyingi kuliko alivyofundisha ramani ya dunia, na inaishia na tarumbeta. Dereva akaulizwa. Akasema samahani wazee wangu, wanakufa wote, na kapteni ndiye wa mwisho.

Sista hakutaka maneno mengi. Akamwomba Fundi aendeleze kipande mpaka mwisho kabisa, na yale majina ya mwisho yakapanda: Waliobaki Ng'ambo. Yalikuwa makubwa, meupe, hayana ubishi.

"Watu watatu, kosa moja, kwa mkupuo," alisema Sista. "Nimeuguza watu miaka mingi, sijaona ugonjwa unaopangana foleni namna hii."

Hakuwa na ubaya, alikuwa anatania kama tulivyomtania. Lakini utani ule uliwaingia. Kinyozi akakaa. Fundi akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na kitu. Mwalimu alikuwa bado anayatazama yale majina, kama mtu aliyeambiwa kwamba mto wa mji wake unatiririka kwenda upande mwingine.

Nikahisi mkono wa mume wangu ukibana goti langu. Yeye hakuwa ametaja jina lolote. Nilijua kwa nini, kwa sababu katika chumba kile ni sisi wawili tu tuliokuwa tunaujua ukweli.

Enzi zile sinema moja iliweza kulisha miji miwili kwa siku moja. Ilikuja ikiwa imegawanywa kwenye makopo. Mji wa ng'ambo walianza mapema, na kila walipomaliza kopo, mtu wa pikipiki alilivusha mto kutuletea, akarudi kuchukua jingine. Tulimwita Mkimbiza Makopo. Helmeti yetu ya kijani ni yake, alimwachia mume wangu alipoacha kazi.

Siku ya kwanza ya Kikosi cha Bondeni mvua ilinyesha tangu asubuhi. Makopo yote yalifika isipokuwa la mwisho. Mto ulikuwa umepanda juu ya daraja. Ukumbi ulijaa, maana kiwanda cha sabuni kilikuwa kimewapa wafanyakazi nusu siku, na wengi walikuja na wake zao, wengine na watoto mgongoni. Meneja alitaka taa ziwashwe, watu waambiwe waende. Mume wangu akachungulia kutoka chumba cha mashine, akaniita nipande.

Pale rafuni kulikuwa na sinema nyingine iliyongoja kurudishwa ilikotoka, Waliobaki Ng'ambo, iliyoletwa kwetu kimakosa; yeye alikuwa ameikagua, ila mji haukuwahi kuonyeshwa. Ilikuwa ya vita vilevile, na sare zilikuwa zilezile. Na mume wangu alikuwa ameshakagua kopo la kabla ya mwisho la Kikosi cha Bondeni, akaona linaishia askari wakizama kwenye moshi. Akakumbuka kwamba katika ile nyingine kuna askari wanaotokea kwenye moshi. Akaitafuta sehemu hiyo kwa kuupitisha mkanda mbele ya taa. Mimi nilishika ncha mbili, yeye akakwangua, akapaka gundi, akabana. Mvua ilikuwa inapiga bati hivi kwamba tulielewana kwa macho tu. Wakazama kwenye moshi wa sinema moja, wakatokea kwenye moshi wa nyingine. Nyuso zilijaa tope, nani angewatambua? Masharubu tu ndiyo aliyasahau.

Nilishuka kurudi dirishani. Niliisikia ile tarumbeta kupitia ukuta, kisha kimya, kisha makofi. Watu wa kiwandani walitoka na kuingia mvuani wakiipiga tarumbeta kwa midomo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama dirishani pangu, akaniambia asante, kama vile ni mimi niliyewatoa wale askari.

Kesho yake daraja lilipitika, kopo la mwisho likaja. Mume wangu aliliweka asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, tukatazama wawili tu. Wakafa wote. Kapteni alikufa na masharubu yake. Nje foleni ilikuwa imeshaanza, na wengi walikuwa walewale wa jana, wamerudi kuwaona askari wakitoka. Mume wangu akasikiliza zile sauti za nje, akalitoa kopo, akaurudisha mwisho wetu. Meneja hakuuliza. Wiki yote iliyokaa sinema ile kwetu, hakuna askari aliyekufa bondeni, na baada ya hapo haikuletwa tena mjini.

Hatukumwambia mtu. Hatukuogopa, ila ukishampa mtu nguo akaipenda, huendi kumwambia kwamba uliishona kwa vitambaa vya mabaki.

Sasa Mzee Taa alikuwa na njia mbili. Akinyamaza, wenzake watabaki watu wasioijua hata sinema yao wenyewe, na helmeti itavuka mto na kicheko juu. Akisema, atawanyang'anya sinema ya ujana wao. Niliweka mkono wangu juu ya wake. Sikumwambia la kufanya.

Akasimama.

"Sista, umesema kweli," alisema. "Na hawa ndugu zangu nao wamesema kweli. Mwongo ni mimi."

Akasimulia yote, mvua, daraja, watu wa kiwanda cha sabuni, rafu, gundi. Alisimulia bila haraka, mikono yake ikikwangua na kubana hewani. Hakuomba msamaha hata mara moja, na niliona mgongo wake ukinyooka kadiri alivyoendelea, kwa sababu ile ilikuwa kazi yake bora kuliko zote na hakuwahi kumwonyesha mtu mshono wake. Alipofika kwenye masharubu, akageuka kule alikosikia Kinyozi akikohoa.

"Kapteni hakunyoa, ndugu yangu. Walikuwa watu wawili."

Nikajiambia haya, basi, maji yameshamwagika.

"Kwa hiyo," alisema Kinyozi polepole, "ubao wangu una watu wawili."

"Wawili."

"Na wateja wangu wote nimewaambia ni mmoja. Kwa kiapo."

Kisha akacheka. Kilianza kama kwikwi, kikashuka tumboni, mpaka ikabidi ashike ukingo wa meza. Fundi akafuata. Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema aliwahi kumtoa nje ya darasa mwanafunzi aliyedai wale ni watu wawili, akamwambia asirudi mpaka aache ubishi. Kinyozi akasema mwanafunzi huyo atafutwe, apewe cheo.

Sista peke yake hakucheka. Alikuwa amevua miwani na kuishika mapajani.

Alisema siku ya mafuriko yale alikuwa bado anajifunza unesi. Jioni hospitali ililetewa mtu wa pikipiki aliyeanguka kwenye tope akijaribu kulifikia daraja. Hakuumia sana, lakini alikataa kuvua koti lililolowa, na walipolifungua wakakuta amekumbatia kopo. Sista alimpa shuka kavu na chai. Mtu yule hakuigusa chai mpaka ikapoa. Kila mara alikuwa akisema kwamba kule ng'ambo kuna watu wamekaa gizani wanangoja mwisho.

"Nimewafikiria watu hao mara nyingi," alisema Sista. "Mvua ikinyesha sana, nawafikiria. Kumbe mwisho mliupata."

Mume wangu alikuwa hajui habari ya koti. Mkimbiza Makopo alimwambia tu kwamba alichelewa.

Mume wangu akauomba mfuko. Akaitoa helmeti, akainyoosha mbele, kuelekea sauti ya Sista. Asiyekubali kushindwa si mshindani, alisema, kipande kilikuwa cha Waliobaki Ng'ambo na hakuna wa kwetu aliyekitaja. Sista akaipokea kwa mikono miwili. Nikangoja maneno ya kuaga, maana ndiyo yaliyokuwa yanafuata. Hata shati lilikuwa tayari.

Lakini Sista alikuwa hajamaliza. Akasema kabla hajavuka mto na helmeti hiyo, anataka kuiona sinema yetu.

Fundi akarukia wazo lile. Kompyuta alikuwa nayo, na sinema zote mbili, Kikosi cha Bondeni na hiyo nyingine, zilikuwa kwenye flashi ya mgeni. Kuunga siku hizi ni kazi ndogo, gundi haihitajiki. Akavuta kiti, akaweka mikono tayari, kisha akakwama. Aunge wapi? Mwalimu alisema pale moshi unapoanza. Kinyozi akasema hapana, mbele zaidi. Wakajaribu, na tuliokuwa tunaona tukaona haikai, askari waliruka kama wamechomwa sindano.

"Mzee," alisema Fundi, "hii kazi siiwezi. Njoo."

Na haikuwa kama kile kitufe. Niliutazama uso wake vizuri. Fundi alikuwa ameshindwa kweli.

Mume wangu alisogeza kiti mpaka karibu kabisa na spika. Akaniomba nimwambie kapteni atakapopangusa jasho. Fundi akaanzisha. Nikasubiri, nikasema, "Amepangusa." Akainua vidole viwili kama aliyeshika ukingo wa mkanda, akasikiliza mizinga.

"Hapo."

Fundi akakata. Akafungua ya pili. Mume wangu akasema hii haihitaji mtu wa kumwambia, iko kwenye kikohozi. Yule mtu wa ndani ya moshi alipokohoa, akavishusha vidole.

"Hapo. Unga."

Tukatazama. Kapteni akaingia moshini na masharubu, kikohozi kikapita, kapteni akatoka bila masharubu. Hapakuwa na mruko wowote. Dereva akacheka, akasema samahani. Lakini tarumbeta ilipoanza hakuna aliyekuwa anacheka tena. Sista alikuwa amemshika dereva begani.

"Wametoka," alimwambia. "Umeona? Wametoka."

Ilipokwisha, Sista akasafisha koo, akasema sheria ni sheria, kipande kimeonyeshwa, sasa nani anataja jina. Hiyo si Kikosi cha Bondeni na wala si Waliobaki Ng'ambo. Tukatazamana. Kinyozi akapendekeza Wembe wa Moshini, akazomewa. Mwalimu alifumba macho, akatafuta, akakosa. Ilikuwa sinema tuliyoijua wote kuliko majina ya wajukuu wetu, na hakuna aliyejua inaitwaje.

"Mto Umejaa," alisema mume wangu.

Hakuna aliyepinga. Sista alinyanyuka, akapita katikati ya viti, akamvisha helmeti, akamfungia na mkanda kidevuni kama alivyozoea kuwafunga watu bandeji, vizuri bila kubana. Akasema Jumapili ijayo tuwe wageni wao, na wazee wa kwao waone jinsi askari wale walivyopona.

Kinyozi alitangaza kwamba ubao wake haufutwi, kuanzia sasa ni ushahidi. Tukaagana. Mlangoni mume wangu akasimama, akageuka.

"Fundi. Kile kitufe."

Fundi akaanza kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. "Bado sijapata kifaa, mzee."

"Usikitafute."

Tulirudi kwa miguu. Hakutaka kuivua helmeti. Jua lilikuwa bado lipo, watu walikuwa vibarazani, na kila aliyetusalimu alimsalimu kwanza yeye, kwa jina lake la taa. Alitembea wima, mkono wake ndani ya wangu, akipiga tarumbeta kidogokidogo kwa midomo. Karibu na kwetu akaniuliza kama shati limechafuka. Nikamwambia kuna tone la chai kifuani.

"Lifue mapema," alisema. "Jumapili tunavuka."